King Oliver: Mwalimu wa Louis Armstrong aliyekufa akiwa mfagiaji wa ukumbi

LOUIS Armstrong alipozuru Nairobi mwaka wa 1960, katika safari iliyompitisha nchi nyingi za Afrika, hakukuwa na mpiga tarumbeta aliyemshinda kwa umaarufu duniani. Mashabiki walimtambua kwa sauti yake ya kukwaruza, kitambaa cheupe mkononi na tabasamu lililojaa uso mzima.

Wahenga walinena kuwa ukiona vyaelea, vimeundwa. Aliyemuunda Armstrong alikuwa Joseph Nathan Oliver, ambaye ulimwengu wa muziki wa jazi na bluzi ulimvika jina la King, yaani Mfalme. Oliver ndiye aliyempa Armstrong ala alipokuwa kijana maskini, na ndiye aliyemwita Chicago. Ni katika bendi yake pia ambapo Armstrong alirekodi santuri yake ya kwanza.

Lakini mfalme huyo hakuishi kuuona utukufu wote wa mwanafunzi wake. Alifariki Aprili 1938 katika mji wa Savannah, jimbo la Georgia, akiwa mfagiaji wa ukumbi wa kuchezea biliadi. Hakuwa na meno ya kumwezesha kupiga tarumbeta, wala fedha za kumlipa daktari.

Maisha yake ni kisa cha mtu aliyewafungulia wengine milango, kisha akajikuta amebaki nje. Ni kisa pia cha maamuzi ya fedha, mengine akifanyiwa na mengine akiyafanya yeye mwenyewe.

KUTOKA MASHAMBANI HADI NEW ORLEANS

Oliver alizaliwa Desemba 1881 karibu na mji mdogo wa Donaldsonville, katika jimbo la Louisiana, ingawa vitabu vya zamani vilitaja mwaka wa 1885. Miaka kumi na sita tu ilikuwa imepita tangu utumwa upigwe marufuku nchini Marekani, na watu weusi wengi wa eneo hilo waliendelea kutegemea vibarua katika mashamba ya miwa.

Akiwa bado mdogo alihamia New Orleans, jiji la bandari lililokuwa na bendi za kupuliza karibu kila mtaa. Mamake alipofariki, alilelewa na dada yake mkubwa, Victoria. Mwanamke huyo angekuja kumtendea Oliver wema wa mwisho takriban miaka arubaini baadaye.

Alianza kujifunza tromboni kabla ya kugeukia korneti, ala ya jamii ya tarumbeta iliyo fupi zaidi na yenye sauti laini. Wapigaji wengi wa mwanzo wa jazi walianza na korneti kabla ya tarumbeta yenyewe kutawala.

Jicho lake moja lilikuwa na hitilafu tangu ujanani, naye alizoea kuinamisha kofia upande ili kuficha kovu. Mchana alifanya kazi ya utumishi katika nyumba za matajiri, na usiku alipiga muziki. Siku za mazishi au maandamano aliandamana na bendi kama Onward Brass Band, ambazo zilipiga nyimbo za huzuni njiani kuelekea makaburini na nyimbo za kuchangamsha wakati wa kurejea.

Katika jiji hilo, cheo cha mfalme wa korneti hakikurithiwa bali kilinyakuliwa. Buddy Bolden, aliyehesabiwa kuwa mfalme wa kwanza, aliugua akili na kupelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka wa 1907. Baada yake Freddie Keppard ndiye aliyetajwa zaidi.

Husimuliwa kwamba usiku mmoja Oliver, akiwa amechoshwa na sifa za wapinzani wake, alitoka hadi barabarani katika mtaa wa Storyville, akaielekeza korneti yake kwenye baa walimokuwa wakipiga, na kupuliza kwa nguvu hadi wateja wakatoka nje kumfuata. Mpiga tromboni Kid Ory, ambaye Oliver alijiunga na bendi yake, ndiye anayetajwa kumpa rasmi jina la King.

Storyville ulikuwa mtaa uliotengwa na sheria za jiji kwa biashara ya madanguro. Baa na kumbi zake ziliwapa ajira wanamuziki wengi. Novemba 1917, baada ya Marekani kuingia katika Vita Vikuu vya Kwanza, mtaa huo ulifungwa kwa shinikizo la jeshi la majini.

KIJANA ALIYEBEBA KORNETI

Miongoni mwa watoto waliokuwa wakiyafuata maandamano ya bendi barabarani ni Louis Armstrong, aliyezaliwa mwaka wa 1901 katika mojawapo ya vitongoji duni kabisa vya New Orleans. Babake aliitoroka familia, naye akiwa kijana mdogo alikuwa amewahi kupelekwa katika makao ya watoto watukutu.

Oliver alimruhusu kumbebea korneti wakati wa maandamano. Armstrong alizoea kumtuma-tumikia mkewe Oliver, Stella, kwa kwenda sokoni na kufanya kazi ndogo ndogo za nyumbani. Ujira wake ulikuwa chakula na masomo ya muziki. Baadaye Oliver alimpa korneti yake kuukuu. Kwa kijana asiyekuwa na baba, zawadi hiyo haikuwa ndogo, naye Armstrong alimwita Papa Joe hadi mwisho.

Mnamo 1918 Oliver aliondoka New Orleans. Maelfu kwa maelfu ya watu weusi walikuwa wakihama majimbo ya kusini wakati huo, wakikimbia ubaguzi na umaskini, kwenda kutafuta kazi katika viwanda, machinjio na reli za majiji ya kaskazini. Upande wa kusini wa Chicago ulikuwa umejaa wageni hao, nao walitaka kusikia muziki wa nyumbani.

Nafasi aliyoiacha Oliver katika bendi ya Kid Ory ilijazwa na Armstrong. Hivyo hata kwa kuondoka kwake, mwalimu alikuwa amemfungulia mwanafunzi mlango wa kwanza.

SAUTI ILIYOITIKISA CHICAGO

Baada ya miaka michache Chicago na muhula mmoja California, Oliver alirejea jijini humo mwaka wa 1922 na kuanza kupiga katika ukumbi wa Lincoln Gardens. Bendi yake iliitwa Creole Jazz Band.

Majira hayo ya kiangazi alituma telegramu New Orleans kumwita Armstrong aje kupiga korneti ya pili. Uamuzi huo uliwashangaza baadhi ya watu. Mpigaji aliye kileleni kwa kawaida hamwiti kijana anayeweza kumpindua asimame kando yake kila usiku. Armstrong alifika Agosti mwaka huo.

Wengine katika bendi walikuwa Johnny Dodds wa klarineti, nduguye Baby Dodds wa ngoma, Honoré Dutrey wa tromboni, Bill Johnson wa besi na banjo, na Lil Hardin, mwanadada aliyesomea muziki, kwenye piano.

Kilichowashangaza wasikilizaji zaidi ni jinsi korneti mbili zilivyokuwa zikipiga vipande vifupi kwa pamoja, bila hata kutazamana, kana kwamba zilipulizwa na pumzi moja. Siri ilikuwa kwamba Oliver alimdokezea mwenzake kwa noti chache kile ambacho angekipiga muda mfupi baadaye, naye Armstrong alikuwa na sikio la kukidaka papo hapo. Wanamuziki vijana, wakiwemo wazungu, walifika kwa wingi kuketi na kujifunza.

Oliver alikuwa pia fundi wa kubadilisha sauti ya ala. Alitia vikombe, chupa, ndoo na hata kofia kwenye mdomo wa korneti, akaifanya ilie kama mtoto mchanga au inung'unike kama mzee mwenye hasira. Ufundi huo ulitokana na bluzi, muziki ambao ala hujaribu kusema kama binadamu.

Aprili 5 na 6, 1923, bendi hiyo ilikwenda Richmond, jimbo la Indiana, kurekodi katika studio ya kampuni ya Gennett. Jengo lenyewe lilikuwa kando ya reli, na kazi ilibidi isimame kila treni ilipopita. Maikrofoni za umeme hazikuwa zimeanza kutumiwa katika kurekodi santuri. Wanamuziki walipiga wakiielekea pembe kubwa iliyokusanya mawimbi ya sauti na kuyapeleka kwenye sindano iliyochora mifereji juu ya nta.

Mpangilio huo ulihitaji kila mtu asimame umbali unaolingana na nguvu ya ala yake. Inasimuliwa kwamba Armstrong alilazimika kusogezwa nyuma kabisa, mbali na wenzake, kwa sababu sauti yake ilimfunika mwalimu wake. Lil Hardin alikumbuka jinsi kijana huyo alivyosimama kwa unyonge pale nyuma. Mwanamke huyo alitambua maana ya umbali ule kabla ya wengine.

Katika wimbo Chimes Blues, Armstrong alipiga kwa mara ya kwanza kipande chake binafsi katika santuri. Katika Dippermouth Blues, Oliver mwenyewe alipiga mizunguko mitatu ya bluzi, korneti ikilia kwa kuzibwa na kuzibuliwa. Wapigaji wa tarumbeta wa kizazi kilichofuata waliikariri mizunguko hiyo noti kwa noti.

Mwaka huo huo bendi ilirekodi pia kwa kampuni za OKeh, Columbia na Paramount. Ndizo rekodi za kwanza nyingi na za kina za bendi ya jazi ya watu weusi kutoka New Orleans, na hadi leo husikilizwa kama msingi wa muziki huo.

FEDHA ZILIVYOZUA MTAFARUKU

Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Utukufu wa bendi haukudumu, na chanzo kilikuwa pesa. Ndugu wawili wa familia ya Dodds walishuku kwamba Oliver hakuwa akiwapa wanamuziki sehemu yao kamili ya malipo ya santuri. Kutokuelewana huko kulikuwa kikali, na wengi walijiondoa kufikia mapema mwaka wa 1924.

Armstrong alibaki. Hata hivyo, alikuwa amefunga ndoa na Lil Hardin Februari 1924, na mkewe hakupendezwa kumwona akiendelea kupiga korneti ya pili wala Oliver akiendelea kumshikia sehemu ya mshahara. Lil alisimulia baadaye kuwa Oliver aliwahi kukiri kwake kwamba Louis angeweza kumzidi, lakini almradi yuko katika bendi yake, yeye atabaki mfalme.

Kwa kushawishiwa na mkewe, Armstrong aliondoka mwaka huo na kujiunga na bendi ya Fletcher Henderson jijini New York. Kila aliyemsikia huko alijua kwamba zama mpya zimeingia.

Oliver hakuporomoka mara moja. Mwaka wa 1925 aliunda bendi kubwa zaidi, Dixie Syncopators, iliyopiga katika mkahawa wa Plantation, Chicago. Wanamuziki kama Luis Russell, Barney Bigard, Albert Nicholas na Paul Barbarin walipitia mikononi mwake. Wimbo Someday Sweetheart, uliorekodiwa mwaka wa 1926, uliuzwa sana. Alirekodi pia akiwasindikiza waimbaji wa bluzi, miongoni mwao Sippie Wallace.

FURSA ILIYOPONYOKA

Kazi ya Plantation ilipokoma mwaka wa 1927, Oliver aliipeleka bendi yake New York, ambako ilipiga katika ukumbi maarufu wa Savoy, Harlem. Ni wakati huo ambapo wenye klabu ya Cotton Club walimwendea wakitafuta bendi ya kudumu.

Oliver aliyaona malipo kuwa haba kwa mtu wa hadhi yake. Alitaka zaidi, na wenye klabu wakatafuta mwingine. Desemba 4, 1927, kijana aitwaye Duke Ellington alianza kazi hapo. Matangazo ya redio kutoka klabu hiyo yaliingiza muziki wa Ellington katika nyumba za Wamarekani kote nchini na kumfanya nyota.

Kinaya ni kwamba sauti iliyoitambulisha bendi ya Ellington wakati huo, ile ya tarumbeta inayonguruma na kulia, ilipigwa na Bubber Miley. Miley alikuwa amemsikia Oliver Chicago miaka michache kabla na kuvutiwa na mtindo wake wa kuziba ala. Kwa hivyo Cotton Club ilimkosa Oliver, lakini haikuukosa ufundi wake.

Mwaka uliofuata kilitokea kinaya kingine. Oliver alitunga wimbo West End Blues na kuurekodi Juni 1928. Wiki chache baadaye, Armstrong aliurekodi pia. Rekodi ya Armstrong, inayofunguliwa na tarumbeta ikipiga peke yake bila msaada wa ala nyingine, imehesabiwa na wataalamu wengi kuwa mojawapo ya rekodi bora zaidi katika historia ya jazi. Wanaokumbuka kuwa mtunzi ni Oliver ni wachache.

MENO YALIPOMSALITI

Mpiga tarumbeta hutegemea midomo yake, na midomo hutegemea meno. Kinywa cha chuma hukandamizwa kwenye midomo kwa nguvu, na meno ya mbele ndiyo ukuta unaoihimili. Ukuta ukiyumba, hata fundi aliye na mapafu ya simba hawezi kutoa noti iliyonyooka.

Oliver alikuwa mlaji hodari aliyependa sana sukari, hata akawa akiitia ndani ya mkate na kuula hivyo. Ugonjwa wa ufizi ulimwandama kwa miaka, na meno yakaanza kulegea na kung'oka. Alipokuwa akirekodi kwa kampuni ya Victor kati ya mwaka wa 1929 na 1930, mara nyingi alilazimika kuwaachia wengine vipande vya tarumbeta, akiwemo mpwawe Dave Nelson.

Mdororo mkuu wa uchumi ulioanza mwaka wa 1929 ulimkuta katika hali hiyo. Mauzo ya santuri yaliporomoka, na inaelezwa kuwa akiba yake ilipotea benki aliyoiweka ilipoanguka. Rekodi zake za mwisho alizifanya mwaka wa 1931.

Kuanzia hapo maisha yake yakawa ya barabarani. Aliongoza bendi za vijana katika majimbo ya kusini na ya kati, wakisafiri kwa mabasi yaliyoharibika njiani. Baadhi ya waandaaji wa dansi walitoweka na fedha za viingilio. Hoteli nyingi hazikuwapokea watu weusi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Lester Young, aliyekuja kuwa mmoja wa wapigaji saksofoni wakuu, alikuwa miongoni mwa waliopiga naye. Mmoja baada ya mwingine, wanamuziki wake walimwacha.

SAVANNAH

Bendi ya mwisho ilisambaratika mwaka wa 1937, naye Oliver akakwama Savannah. Alijaribu kuuza matunda na mboga, kisha akapata kazi ya kufagia na kutunza ukumbi wa biliadi, akianza asubuhi na kumaliza karibu usiku wa manane.

Mwaka huo huo Armstrong alipita mjini humo na bendi yake. Alisimulia baadaye jinsi alivyomkuta mwalimu wake akiuza mboga mtaani. Armstrong alimpa fedha zote alizokuwa nazo mfukoni, na wenzake wakachanga. Baadhi ya wanamuziki hao, akiwemo Luis Russell, walikuwa wameajiriwa na Oliver enzi za Plantation. Usiku huo, alipotazama pembeni mwa jukwaa, Armstrong alimwona Papa Joe amesimama, amevaa suti safi na kofia kama zamani.

Je, Armstrong angefanya zaidi? Swali hilo limeulizwa mara nyingi. Ni vigumu kulijibu kwa haki bila kukumbuka pia kwamba Oliver alikuwa mtu mwenye fahari. Barua alizomwandikia dada yake Victoria miezi hiyo zimehifadhiwa, na hazina lawama kwa mtu yeyote. Anamweleza kwamba ana ugonjwa wa shinikizo la damu na hana pesa za matibabu. Anamweleza pia kwamba anaweka akiba senti chache chache ili apate nauli ya kurudi New York.

Nauli hiyo haikutimia. Alifariki Aprili 1938 akiwa na umri wa miaka 56. Victoria alizitumia fedha alizokuwa ameweka kwa ajili ya kodi ya nyumba kuuleta mwili New York, nao ukazikwa katika makaburi ya Woodlawn, mtaani Bronx. Armstrong alikuwa miongoni mwa waombolezaji. Hapakuwa na pesa za kununua jiwe la kaburi.

Wapo wanaomhukumu Oliver kwa ubahili wake kwa wanamuziki na kwa kiburi cha kukataa Cotton Club. Mgala muue na haki yake mpe. Alikosea katika hesabu za fedha, ila katika hesabu za muziki hakuwa mchoyo. Alimwita kando yake kijana aliyejua kuwa atampita, na kumpa nafasi ya kusikika.

Armstrong alilitambua hilo. Hadi kifo chake mwaka wa 1971, alipoulizwa asili ya muziki wake, alimtaja Papa Joe. Na tangu mwaka wa 1923, wapiga tarumbeta wengi wanaoupiga wimbo Dippermouth Blues hawathubutu kubuni kipande chao inapofika zamu ya tarumbeta. Huirudia mizunguko ile mitatu ya Oliver jinsi alivyoiacha.